Mkungu wa ndizi bado unapumua

Mkungu wa ndizi aina ya mchare unaouzwa Kwa Sadala, kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, umeshakatwa kwenye mgomba, lakini haujafa. Seli zake zinaendelea kuvuta oksijeni, kuunguza sukari na kutoa kabonidioksaidi, maji na joto. Ndiyo maana ndizi zikirundikwa kwenye lori na kufunikwa gubigubi hupata moto, na moto huo huharakisha kuiva. Nyama ya ndizi mbichi ina wanga takribani asilimia 20. Ikiiva sawasawa hubaki asilimia 1 au 2. Sehemu kubwa imegeuka sukari, nyingine imeunguzwa.

Kazi hii ya kuunguza sukari ndiyo upumuaji wa seli, na ndiyo inayompa mteja nguvu ya kuuinua mkungu ule. Wengi wetu tunaamini kwamba nguvu hutoka kwenye hewa safi. Nishati imo kwenye chakula. Oksijeni ina kazi moja tu, nayo iko mwishoni kabisa, na nadhani anayeielewa kazi hiyo ameelewa sehemu kubwa ya somo hili.

Kwanza sukari iitwayo glukosi hukatwa vipande viwili kwenye majimaji ya seli. Hapo oksijeni haihitajiki, na faida ni molekuli 2 za ATP, kemikali inayobeba nishati hadi panapohitajika. Vipande huingia kwenye mitokondria, vyumba vidogo vilivyo ndani ya seli, na kuchambuliwa katika mzunguko alioueleza mwanasayansi Hans Krebs mwaka 1937. Kabonidioksaidi hutoka, nasi tunaipumua nje. Elektroni zilizonyofolewa kwenye sukari hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine kwenye utando wa ndani, na kila zinaposhuka hutoa nishati ya kusukuma protoni, yaani viini vya hidrojeni, upande wa pili wa utando.

Mwanasayansi Peter Mitchell alipoeleza mwaka 1961 matumizi ya protoni hizo, wenzake wengi hawakumkubali. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1978. Protoni hujaa upande mmoja kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na njia yao ya kurudi hupita kwenye kimeng'enya ambacho huzunguka kweli, kikitengeneza ATP. Glukosi moja hutoa ATP 30 hivi kwa jumla. Mwili hauna akiba kubwa ya ATP, lakini molekuli hizohizo hutumika na kurejeshwa mara nyingi mno, hata kwa siku moja mtu hutengeneza ATP inayokaribia uzito wake mwenyewe.

Oksijeni hupokea elektroni zilizofika mwisho wa safari, ikaungana na protoni kuwa maji. Ikikosekana, elektroni hazina pa kwenda na msururu wote husimama. Seli hubaki na zile ATP 2.

Hamira huishi hivyo ndani ya mbege, pombe ya ndizi. Ndizi mbivu hupikwa, huachwa siku kadhaa, kisha huongezwa uji wa ulezi ulioota na uchungu wa magome ya msesewa. Kwenye mchanganyiko huo hewa ni haba. Hamira hupata ATP zake 2 na kurudisha elektroni kwenye mabaki ya sukari yenyewe. Hutoka alkoholi, na kabonidioksaidi inayofanya povu. Nishati nyingi ya ndizi hubaki ndani ya alkoholi bila kutumika.

Misuli yetu nayo ina njia yake oksijeni inapopungua, kama mlimani. Kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kule kama ilivyo Tanga, ila kanieneo ya hewa ni karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni karibu nusu. Waongozaji husisitiza mwendo wa pole pole kwa sababu mwenye haraka hudai ATP nyingi kuliko oksijeni inavyoruhusu. Misuli hutegemea zaidi ule ukataji wa kwanza wa glukosi, na laktiki inayotokana nao huongezeka.

Laktiki imesingiziwa mengi. Baada ya kupumzika saa moja au mbili huwa imeondoka, tena moyo na ini huitumia. Maumivu ya mapaja siku inayofuata hutokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogo, hasa wakati wa kuteremka kwa njia ya Mweka, misuli inapovutwa huku imekaza.