ZIWANI, NANI ANAWATAZAMA WATOTO?



Siku za likizo zikifika, na njia ikiwa na amani, wengi wetu hushuka Uvira. Ni haki yako. Mtu aliyekaa miezi kumi na mmoja katika vumbi la mawe anahitaji kuona maji mapana, kula ndagala waliokaangwa saa ile ile, na kulala bila kusikia kengele ya zamu. Watoto nao wanaingojea safari hiyo mwaka mzima: kuteremka Ngomo, kupita Kamanyola, Luvungi na Sange, joto la bonde la Ruzizi likiwavua masweta mmoja baada ya mwingine, mpaka ziwa lionekane. Siandiki ukurasa huu ili kukuzuia. Nataka urudi na hesabu ile ile ya watoto uliyoondoka nayo.

Nikuulize: ukisikia hatari ya ziwa, unafikiri nini kwanza? Nimewauliza wengi katika dispansari yetu, na karibu wote hujibu: mamba. Ni kweli mamba wapo, hasa upande wa kaskazini ambako mto Ruzizi unaingia ziwani. Nani asiyejua habari za Gustave, yule mamba mkubwa aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye? Walimtengenezea hata mtego wa chuma, na hakuingia. Lakini mamba ana mahali pake na saa zake. Epuka midomo ya mito na majani marefu, toka majini kabla ya jua kuzama, na umepunguza hatari hiyo sana. Kiboko ni hivyo hivyo: jioni hupanda nchi kavu kula majani, nawe usisimame kati yake na maji. Maji yenyewe hayana saa.

Nitakuambia jambo ambalo sikupenda kuliandika. Jumapili moja tulikuwa familia kadhaa kwenye ufuko, kusini ya mji, njia ya kwenda Kalundu. Watu wazima karibu ishirini. Nyama ilikuwa motoni, chupa zimefunguliwa, redio inaimba. Watoto walikuwa wanacheza majini, hatua kumi kutoka kwetu. Mimi, ninayewafundisha huduma ya kwanza kila mwaka, nilikuwa nimeyapa maji mgongo, nachagua kipande cha nyama. Aliyeona ni mama mmoja wa pale aliyekuwa anaosha sufuria. Aliingia na kitenge chake, akamtoa msichana wa miaka sita, midomo imekuwa ya bluu.

Halafu ikaja aibu ya pili. Kabla sijafika, baba mmoja alikwisha kumshika mtoto miguu na kumning'iniza kichwa chini, anamtikisa ili maji yatoke. Mwingine alitaka kumkandamiza tumbo. Nilimnyang'anya kwa nguvu. Mtoto alipumua, tukamkimbiza hospitali, akalala huko siku nne. Yu hai. Jioni ile nilimwuliza kila mtu: nani alikuwa anawatazama? Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Mama wa mtoto alidhani ni baba, baba alidhani ni mama, na wote wawili walidhani muuguzi akiwapo hakuna neno.

Tena hatukusikia sauti yoyote. Hilo ndilo linalowadanganya watu. Sisi tunafikiri anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Sivyo. Mtu mwenye mdomo kwenye usawa wa maji hana pumzi ya kuita. Kichwa kinaanguka nyuma, macho yanakuwa kama ya kioo, mikono inasukuma maji chini pembeni, kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwapo. Kwa mtoto mambo hayo hayafiki dakika moja. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele akinyamaza, mtazame upesi.

Watoto wetu wamekulia kwenye vijito vya mlimani, maji ya magoti. Tanganyika si kijito. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani ni ziwa la Baikal peke yake linalolipita. Tazama pale Uvira jinsi mlima unavyosimama nyuma ya nyumba. Mlima huo hauishii kwenye mchanga, unaendelea kushuka chini ya maji. Kwa hiyo upande wa Kalundu mtoto anaweza kusimama maji ya kifua, akapiga hatua mbili, asiikute ardhi. Upande wa Kavimvira mchanga ni wa pole pole zaidi, lakini maji yana matope, humwoni aliye chini. Tena ufuko unabadilika. Mwezi wa 4, mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu, ukaburuta mawe na nyumba. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia ndani ya nyumba za watu. Basi mahali ulipoogelea wewe ukiwa kijana panaweza kuwa na ukuta uliozama, shimo la choo, au misumari. Waulize wavuvi wa pale kwanza. Usione haya kuuliza.

Sasa, tufanyeje? Wewe unayeshuka shimoni unajua ubao wa namba. Kila anayeingia anaacha namba yake, na zamu haifungwi mpaka kila namba imerudi. Hakuna anayesema "nadhani ametoka." Fanyeni hivyo ziwani. Hesabuni watoto kwa sauti kabla hawajaingia. Chagueni mtu mzima mmoja, mvikeni kofia ambayo wote wanaijua, nyekundu ikiwezekana. Mwenye kofia anasimama kwenye ukingo wa maji, hanywi pombe, hapigi simu, hageuki hata akiitwa kula. Baada ya nusu saa anahesabu tena, anamvika mwingine kofia mkononi kwa mkono, na kusema: "Watoto tisa, nimekupa." Kofia isilale mchangani. Nimeona wanaume wakicheka jambo hili, na wanaume hao hao hawakubali kuingia shimoni bila namba.

Wanaume, neno moja kwenu: chupa ya tatu ikiisha, kuogelea kumeisha. Mlevi haoni umbali, naye huchoka haraka.

Chukueni pia bidoni tupu ya lita 20, iliyofungwa kizibo vizuri, na kamba ya mita 15 kwenye mkono wake. Bidoni hiyo inamwelesha mtu mzima. Mtu akizama, mrushie bidoni, au mnyoshee mti, au kitenge. Usimrukie mikono mitupu ikiwa hukufundishwa: anayezama atakupanda kichwani, na tutazika wawili.

Akitolewa, usimning'inize wala usimkande tumbo. Kinachomwua si maji ya tumboni, ni kukosa pumzi. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie mara 5, ukiona kifua kinapanda. Kama bado hapumui, bonyeza katikati ya kifua mara 30, karibu mara mbili kila sekunde, kwa mtu mzima sentimita 5 kwenda chini, kwa mtoto theluthi moja ya unene wa kifua. Mpulizie mara 2. Rudia, wala usichoke upesi, pokezaneni. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha mdomo, endelea. Akianza kupumua, mlaze ubavu, mfunike, na mpelekeni hospitali hata akisema ni mzima, maana mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuharibika saa chache baadaye.

Wale wanaopenda kutembea kwa mtumbwi au masua: asubuhi ziwa huwa tulivu, na mchana upepo unaamka, hasa kiangazi ule wa kusini. Usipande chombo kilichojaa, na usipande bila jaketi la kuelea. Mwezi wa 12, mwaka 2014, meli Mutambala ilizama katika ziwa hili hili, imebeba watu na mizigo kupita kiasi, na zaidi ya watu mia moja walikufa.

Maji ya ziwa usiyanywe, hata yakionekana safi kama kioo. Kipindupindu kinaijua Uvira vizuri. Chemsha, au nenda na maji yako. Usiku laleni ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria ya bondeni ni kali kwa watoto wa mlimani.

Limebaki jambo ambalo halionekani siku ile. Ni kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wanaokaa penye majani na maji yaliyotulia hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi, hata kama hukunywa tone. Basi ogeleeni penye mchanga na mawimbi, si penye majani. Hata hivyo hakuna mahali pa kuaminika kabisa. Na mtu asijisaidie majini, kwani ndiyo njia vijidudu vinavyorudi kwa konokono. Wengine huwashwa ngozi siku hiyo, wengine hupata homa baada ya wiki chache, wengine hawasikii kitu mpaka damu itokee katika choo, na baada ya miaka ini linaharibika. Dawa ipo, praziquantel, na haina shida kuimeza. Ila ukipima mapema mno mayai hayajaonekana. Hesabu wiki nane tangu ulipotoka majini, halafu njoo dispansari asubuhi na watoto wote walioogelea, kila mmoja na choo chake kidogo katika kikopo chenye kifuniko na jina.