Kitendawili Kilichoteguliwa Mapema

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tano, niliandika hadithi ya upelelezi katika gazeti la ukutani la shule yetu. Ilikuwa ikitoka kipande kwa kipande kila Ijumaa, na jina lake lilikuwa "Nani Aliyeiba Kengele?" Wiki za kwanza wanafunzi walisongamana mbele ya ukuta hata mwalimu wa zamu akaja kutazama kuna nini. Wengine walimshuku mpishi, wengine mlinzi, na wengine walimshuku kiranja mkuu. Ilipofika wiki ya sita walianza kuchoka. Mmoja aliandika kwa penseli chini ya karatasi yangu kwamba mwandishi mwenyewe hamjui mwizi. Maneno hayo yaliniuma sana. Wiki ya saba nikamtaja mwizi, nao wakapiga makofi. Wiki ya nane nilisimama karibu na ukuta nikingoja wasomaji wangu. Alikuja mvulana mmoja tu, naye alikuwa akitafuta pini za kubandikia tangazo la kandanda.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa mjomba wangu huko Jinja, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio na televisheni. Nilimweleza habari zangu, akacheka, akasema, "Mwanangu, usihuzunike. Hata mabingwa yamewapata hayo hayo." Kisha akanitolea mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Twin Peaks, sehemu zake zote 30 za zamani, nami niliutazama kwa wiki tatu. Tangu hapo nimesoma mengi juu ya mchezo huo na juu ya watu walioutazama, nami napenda kuwaeleza wasomaji wenzangu niliyoyapata. Muuaji wa mchezo ule sitamtaja, kwa sababu labda mmoja wenu atautazama siku moja.

Kwanza yafaa kueleza neno msimu. Huko Marekani mchezo mrefu wa televisheni hutolewa kwa mafungu, na kila fungu huitwa msimu. Msimu ukiisha, watazamaji hungoja miezi kadhaa kabla ya kuona unaofuata. Mwandishi hupata nafasi ya kupumzika na kufikiri, lakini watazamaji nao hupata nafasi ya kubuni majibu yao wenyewe, na mara nyingi jibu alilobuni mtu hulipenda kuliko lile atakalopewa.

Twin Peaks ulitungwa na watu wawili, David Lynch na Mark Frost, ukatolewa na kampuni ya televisheni ya ABC. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa tarehe 8 Aprili 1990, na watu zaidi ya milioni 30 waliitazama usiku ule mmoja. Habari yenyewe yaanza hivi: mzee mmoja aenda kuvua samaki asubuhi, naye aona ukingoni mwa maji maiti ya msichana iliyofungwa katika karatasi ya plastiki. Msichana huyo ni Laura Palmer, mwanafunzi wa shule ya sekondari, aliyependwa na mji mzima. Mpelelezi wa Serikali aitwaye Dale Cooper aletwa kumtafuta muuaji. Cooper si kama wapelelezi wengine. Husifu kahawa nzuri na miti mirefu ya mji ule, na ndoto zake huzifuata kama vile wengine wafuatavyo alama za vidole.

Nchi nzima iliingiwa na wazimu wa kuuliza swali moja: nani aliyemuua Laura Palmer? Watu walialikana majumbani wakatazama pamoja, wakinywa kahawa na kula mkate wa matunda kama afanyavyo Cooper. Wengine walirekodi kila sehemu katika kanda, wakairudisha nyuma polepole wakitafuta dalili. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 8 tu. Ulimalizika tarehe 23 Mei 1990, Cooper akipigwa risasi mlangoni pa chumba chake cha hoteli, na muuaji hajulikani.

Watazamaji walingoja zaidi ya miezi minne. Fikiri jinsi kiu yao ilivyokuwa. Tarehe 30 Septemba 1990 msimu wa pili ulianza. Cooper amelala sakafuni akitokwa damu. Mlango wafunguka, aingia mtumishi mzee wa hoteli na gilasi ya maziwa. Mzee huyo hana haraka hata kidogo. Amwambia Cooper kwamba maziwa tayari, amwonyesha ishara ya kumsifu, atoka, arudi, arudi tena, na daktari haitwi. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, lakini binti wa mjomba aliyekuwa akitazama pamoja nami alikasirika. Alisema, "Wanatuchezea." Nimesoma kwamba mwaka ule watazamaji walio wengi waliona kama yeye. Walitaka jibu, nao walipewa maziwa.

Hapo ndipo ulipo mgogoro wenyewe. Lynch hakutaka muuaji atajwe upesi. Kwake yeye siri ile ilikuwa mzizi, na hadithi nyingine zote za mji zilikuwa matawi. Frost aliona kwamba watazamaji waliovumilia muda mrefu wana haki ya kujibiwa. Kampuni nayo iliona watazamaji wanapungua, ikahimiza jibu litolewe. Basi likatolewa tarehe 10 Novemba 1990, katika sehemu ya 7 ya msimu wa pili. Ili siri isivuje mapema, waliipiga picha ya tukio lile zaidi ya mara moja na waigizaji mbalimbali, hata wafanyakazi wenyewe wasijue ipi ndiyo ya kweli. Nilipoisoma ile namba 7 niliikumbuka wiki yangu ya saba, nikanyamaza kwa muda.

Sehemu hiyo yenyewe ni ya kutisha na ya kuhuzunisha kupita zote, wala hakuna aliyesema kwamba ilikuwa mbaya. Shida ilikuja baadaye. Muuaji alikamatwa katika sehemu ya 9, na msimu ulikuwa na sehemu 22. Zilibaki 13, na swali lililowaleta watu mbele ya televisheni lilikuwa limekwisha. Kijana mmoja aliyempenda Laura akasafiri kwa pikipiki, akaingia katika mambo ya mke wa tajiri. Mwenye hoteli akapungukiwa na akili, akajiona jemadari katika vita vya Wamarekani wao kwa wao vya karne ya 19. Adui mpya akaletwa, Windom Earle, aliyekuwa zamani mwenzi wa Cooper katika kazi, naye aliua watu kwa kufuata mchezo wa sataranji. Watazamaji waliyaona hayo yote kama wageni waliochelewa kufika harusini baada ya bibi arusi kwisha kuondoka.

Lakini haifai kuutupia mzigo wote uandishi. Msimu wa kwanza ulionyeshwa hasa siku za Alhamisi, lakini wa pili ulihamishiwa Jumamosi usiku, na vijana walioupenda ndio hasa wasiokaa nyumbani usiku huo. Tena Januari 1991 vita vya Ghuba vilianza, na habari za vita zilichukua nafasi ya michezo. Mchezo wenye siri nyingi ukikatwa-katwa hivyo, mtu akikosa sehemu mbili hajui tena nani ni nani.

Februari 1991 kampuni iliuondoa mchezo bila kusema utarudi lini. Hapo lilitokea jambo lililonishangaza kuliko yote. Watazamaji waliobaki walikusanyika, wakaunda chama, wakaandika maelfu ya barua kwa wakubwa wa ABC wakidai mchezo wao. Na mchezo ukarudi, tarehe 28 Machi 1991! Watu hawa hawakuwa wakimtafuta muuaji, kwa maana walikuwa wamekwisha kumjua. Walitaka kurudi katika mji ule, wasikie upepo katika miti yake, wakae tena na watu wake. Twaona basi kwamba watazamaji walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza walikuja kwa ajili ya jibu, wakalipata, wakaenda zao. Wa pili walikuja kwa ajili ya mahali, nao hawakuondoka.

Hata hivyo walikuwa wachache, na mchezo ulikatizwa kabisa. Sehemu mbili za mwisho zilionyeshwa usiku mmoja, tarehe 10 Juni 1991. Lynch alirudi kuongoza sehemu ya mwisho, na badala ya kufunga mlango aliufungua. Cooper ajigonga kichwa kwenye kioo, na sura ionekanayo kiooni si yake. Kisha mwisho. Binti wa mjomba alikuwa ameacha kutazama baada ya ile sehemu ya 9, akasema hakuna tena cha kujua. Mimi nilifika mwisho, nikakaa gizani nimekasirika, nikimfikiria Cooper mpaka usiku wa manane. Watazamaji wa mwaka ule walikaa na hasira hiyo miaka 26. Filamu ilitoka mwaka 1992, lakini ilirudi nyuma kusimulia siku za mwisho za Laura. Ni mwaka 2017 tu mchezo ulipoanza tena, sehemu 18, zote zikiongozwa na Lynch, naye alifariki Januari 2025. Na watu waliokuwa vijana wakati wa barua zile waliutazama wakiwa na mvi.

Nilipomaliza nilimwendea bibi, kwa kuwa yeye ndiye bingwa wa vitendawili katika ukoo wetu. Nilimwuliza, mtu akitegua kitendawili, nini huwafanya watoto wasiende kulala? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji hulowesha. Alisema, "Unatega kingine kabla hawajamaliza kucheka." Kisha akaongeza, "Na usitoe jibu kwa sababu wamepiga kelele. Kwanza wakupe mji."

Nafikiri bibi amesema yote mawili. Anayelazimishwa kutoa jibu kabla ya wakati huwa hajatega kitendawili cha pili, na hilo ndilo lililowapata Lynch na Frost, na mimi pia katika udogo wangu. Mwizi wa kengele alipojulikana sikuwa na swali lingine, na wale watu wa hadithi yangu hawakuwa watu. Mpishi alikuwa mshukiwa tu. Sikuwahi kusema anapenda nini, wala kwa nini huimba alfajiri akiwasha moto. Ningelisema hayo, labda yule mvulana wa pini angesimama kidogo kusoma.

Muhula ujao nitaanza hadithi nyingine ukutani. Mwizi nimekwisha kumjua, lakini bado sijaanza kumwandika. Kwa sasa naandika habari za kijiji atakakoiba, nyumba kwa nyumba, na nimefika kwa mama mmoja auzaye maandazi. Wenzangu mtakaosoma, nawaomba jambo moja: msipige kelele kabla ya wiki ya saba. Na mkipiga, nitawaomba mji.