Risasi Nayo Ina Mama

Kwetu Kibokoni mtu akija kuposa, wazee hawaanzi na mahari. Huuliza kwanza: mamake ni nani, na ni wa mtaa gani? Sikudhani swali hilo lingenifuata hadi kwenye mambo ya bunduki, mimi ambaye silaha yangu ni kalamu na sijapata kufyatua hata risasi moja.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyelowea Marekani miaka mingi. Huko huwinda kulungu kwa kibali, apate nyama aliyoipigia Bismillahi kwa kinywa chake. Usiku mmoja alinipigia simu. "Mjomba," akasema, "nataka kuunda risasi yangu mwenyewe. Nipe jina." Mshairi akiombwa jina hangoji kuombwa mara ya pili. Nikampa: Kipanga. Tukacheka, simu ikakatika. La mama sikuliuliza, wala yeye hakulitaja.

Risasi ya namna hiyo Wamarekani huiita paka-mwitu, maana haikufugwa na kiwanda chochote. Mtu huibuni, fundi wake akachonga mtutu wenye tundu la kuipokea, kisha yeye mwenyewe akakaa mezani na kuijaza baruti. Lakini msomaji wangu asidhani kwamba huanza na kipande cha shaba tupu. Huchukua ganda la risasi iliyopo tayari akaligeuza. Ganda hilo ndilo mama.

Ganda ni chupa ndogo ya shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu sehemu sabini na zinki sehemu thelathini. Lina shingo inayoshika kichwa cha risasi, lina bega, lina kiwiliwili cha kuwekea baruti, na lina kitako penye fataki. Shingo hukazwa au kupanuliwa kwa kalibu. Bega husogezwa. Kiwiliwili kikiwa kirefu hukatwa. Baadaye ganda hupigwa mara ya kwanza ndani ya tundu jipya, na nguvu ya baruti hulitanua mpaka likachukua umbo la tundu lile. Kitako peke yake hakiguswi. Kilivyotoka kwa mama ndivyo kitakavyokuwa kwa mtoto, na kwa kitako hicho ndipo komeo la bunduki linaposhika. Ndiyo maana anayechagua mama huanza kupima kitako, hata kabla ya kuwaza kichwa kitakwenda kasi gani.

Tutazame walivyofanya waliotangulia. Jeshi la Marekani lilipata risasi iitwayo .30-06 katika mwaka 1906. Kitako chake kina upana wa milimita 12, na ganda urefu wa milimita 63. Lilikuwa ganda imara, na kwa sababu ya jeshi lilizagaa kila mahali kama kokwa za tende mwezi wa Ramadhani. Mafundi wakalirukia. Mmoja akaibana shingo yake, ikatoka .25-06, mwingine akaipanua mwaka 1922, ikatoka.35 Whelen. Zote mbili ziliishi miaka mingi kama paka-mwitu, hata kiwanda cha Remington kikaja kuzifuga, ya kwanza mwaka 1969 na ya pili mwaka 1988. Miaka yote hiyo hakuna aliyekosa ganda la kuziundia, kwa kuwa mama alikuwa hai na sokoni hakukauka.

Kuna mama mwingine mwenye kitako kama hicho, Mjerumani, 7 x 57 ya Mauser ya mwaka 1892. Huyu hata Afrika Mashariki anajulikana, kwani ndiye aliyetumiwa na Mskochi W.D.M. Bell kuangusha mamia ya ndovu huko Karamoja, jambo ambalo mimi silisifu. Kwa ganda hilo hilo Mmarekani Ned Roberts aliunda risasi yake nyembamba, na Remington wakaichukua mwaka 1934.

Amma .303 ya Waingereza, waliyoibeba babu zetu katika KAR, ni mama mwenye vikwazo. Kitako chake kina ukingo uliotokeza nje, hivyo katika kasha la bunduki risasi moja huweza kuikwama nyingine, na shinikizo linaloruhusiwa kwake ni dogo kuliko la .30-06. Hata hivyo Waaustralia walizaa naye watoto wengi, kwa kuwa jimbo la New South Wales lilikataza raia kumiliki bunduki za ukubwa wa kijeshi. Walimchukua kwa kuwa ndiye waliyekuwa naye.

Lakini kisa kilichonistaajabisha zaidi ni cha risasi ya AK-47. Jina hilo hapa kwetu halileti ila huzuni. Warusi waliibana shingo risasi hiyo ya 7.62 x 39 wakapata .220 Russian, ya kuwindia. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, daktari Palmisano na fundi Pindell, wakalichagua ganda hilo kwa kuwa ni fupi na nene, na tundu la fataki yake ni dogo. Ikazaliwa 6 PPC, ambayo kwa miaka mingi ilitawala mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani, pale matundu matano huwekwa karibu karibu hata yakawa kama tundu moja. Bibi muuaji, mjukuu bingwa.

Sasa turudi kwa Kipanga. Mpwa wangu alivutiwa na ganda la kale la Ulaya, nene, la kupendeza, ambalo kiwanda kimoja tu kilikuwa kikilitoa, na hicho nacho kwa mikupuo. Alinunua maganda 60. Kwa kuwa kitako kilikuwa kipana, fundi alilipanua komeo. Shingo ilipobanwa kufikia milimita 6.5, shaba ilijikusanya ikawa nene, ikabidi kila shingo ichongwe. Asingefanya hivyo, shingo ingebanwa na tundu, kichwa kingekawia kuachiliwa, na shinikizo lingepanda kufikia la kuvunja bunduki usoni mwa mtu. Kazi ya usiku mwingi hiyo. Kisha kiwanda kikaacha kutoa. Shingo zikaanza kupasuka moja moja, kama ilivyo desturi ya shaba iliyopigwa mara nyingi, mpaka yakabaki maganda saba. Alitumia mshahara wa miezi miwili, na bunduki ikawa chuma cha kuegemeza ukutani.

Alinipigia tena, sauti chini. Safari hii nikauliza: "Mamake ni nani?" Kimya kirefu. Nilijua lawama ina sehemu yangu, kwani nilimtunga jina mtoto wa mama nisiyemjua. Tena kusema kweli, nusu ya tamaa hii ya paka-mwitu ni majivuno. Kulungu hajui alipigwa na risasi ya kiwanda au ya mezani.

Hapa kwetu, uwindaji umekatazwa tangu mwaka 1977, na mtu haundi risasi pasi na idhini ya serikali. Kule inaruhusiwa, naye ni mkaidi kama babu yake. Fundi alimkatia kipande cha nyuma cha mtutu, tundu la zamani likaondoka lote, mtutu ukafupika. Komeo lililopanuliwa halirudi kuwa jembamba, akanunua jingine. Safari hii kachagua .30-06, shingo ibanwe kufikia milimita 6.5. Kumbe mtoto huyo alishazaliwa zamani, na Wamarekani humwita 6.5-06. Nilipomwambia achague jina jipya alinijibu, "Mjomba, tusubiri. Maganda ya kwanza yatoke kwenye tundu yakiwa mazima."