Askari Anapokaguliwa Jukwaani

Kufikia mwaka 1920, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu nchini Kenya alitakiwa kutembea na kipande. Karatasi hiyo, iliyotiwa kwenye kikebe cha bati na kuvaliwa shingoni, ilibeba alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Kibarua aliyeondoka bila sahihi ya mlowezi alisakwa kama mtoro. Kwenye mashamba ya Naivasha, ikiwemo Ndabibi, iliyokuwa ranchi ya Gilbert Colvile, mfanyakazi Mwafrika alibeba kipande. Mwenye ranchi hakubeba.

Wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni, upekuzi ulizidi. Katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954, watu walipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa tu, umekwisha: unapelekwa kizuizini.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliupandisha ukaguzi huo jukwaani mwaka 1976, katika tamthilia inayosomwa kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Askari mzungu anamsimamisha mwanamke wa kijijini na kumpekua. Machoni pake, huyo ni mwanamke mweusi wa kutishwa tu. Kumbe ndani ya mkate alioubeba mmefichwa bunduki.

Hapo ndipo ufundi wa tamthilia ulipo. Barabarani, askari hutazama na raia hutazamwa. Jukwaani, askari mwenyewe anakaguliwa na ukumbi mzima: sauti yake, mikono yake, dharau yake. Na tunaona kwamba anayemshuku mtu kwa rangi au kabila lake hamjui aliye mbele yake. Ubaguzi humpofusha mlinzi, na wasio na hatia ndio huumia.

Kipande cha shingoni kilikwisha, tabia ikabaki. Mwaka 1989 Wakenya wa jamii ya Kisomali walipigwa msasa wakapewa kadi za pekee. Aprili 2014, katika msako mwingine, maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani.

Walimu wa drama wa Ndabibi na Naivasha, msiwaachie wanafunzi historia hii vitabuni tu. Waulizeni wazee walisimamishwa wapi na waliambiwa nini, kisha mwigize ukaguzi huo mara mbili, wanafunzi wakibadilishana nafasi za askari na raia. Aliyewahi kupekuliwa kwa sababu ya kabila lake anastahili kuonekana kama mtu, na jukwaa linaweza kumpa haki hiyo.