Jina la Rwamgasa kwa Herufi za Kikorea

Rwamgasa ni kata ya wachimbaji wa dhahabu katika Wilaya ya Geita. Jina lake huandikwa kwa namna mbili: wako waandikao Rwamgasa, na wako waandikao Lwamgasa. Aghalabu tofauti hiyo huhesabiwa kuwa kosa la mwandishi. Lakini Kisukuma, ambacho ni lugha ya watu wengi wa sehemu hizo, hakitenganishi l na r, na sikio la msemaji wake halina haja ya kuchagua. Haja hiyo imeletwa na herufi. Kusudi la makala haya ni kuonyesha, kwa njia ya jina hilo moja, jinsi mtu anayeanza awezavyo kusoma hati ya Kikorea, ambayo haimlazimishi kuchagua.

Hati hiyo, iitwayo hanguli, ilibuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443, ikatangazwa mwaka 1446. Kabla ya hapo Wakorea waliandika kwa alama za Kichina, ambazo ni maelfu, na mtu wa kawaida hakuwa na wasaa wa kujifunza. Wanazuoni kadhaa, Choe Manri akiwa mmoja wao, waliipinga hati mpya mwaka 1444. Leo ina herufi za msingi 24, yaani konsonanti 14 na vokali 10.

Anayeanza na aanze na vokali, kwa kuwa tano anazo tayari kinywani: ㅏ ni a, ㅔ ni e, ㅣ ni i, ㅗ ni o, ㅜ ni u. (Hiyo ㅔ si ya msingi, imeundwa kwa kuunganisha mbili.) Hati ya Kiarabu, ambayo Kiswahili kiliandikwa kwayo kwa karne nyingi, ina alama tatu tu za vokali fupi.

Kisha azitazame konsonanti. Umbo la ㄱ, yaani g, laonyesha ulimi ulivyoinuka nyuma kuelekea koo. ㄴ, yaani n, ncha ya ulimi iliyogusa juu ya meno. ㅁ, yaani m, ni umbo la kinywa. Na ㅅ, yaani s, ni umbo la jino. Ukiongeza mstari, sauti huzidi nguvu: ㄱ ikawa ㅋ, yaani k yenye pumzi.

Herufi hizi hazipangwi moja moja kama zetu. Hukusanywa katika mafungu, na kila fungu ni silabi moja. ㅁ na ㅏ hufanya 마, basi 마마 ni mama. Silabi ikianza kwa vokali, hutanguliwa na ㅇ isiyo na sauti. Lakini ㅇ hiyo ikikaa chini ya fungu hutamkwa ng', kama katika ng'ombe.

Sasa tuandike jina letu: 르왐가사. Fungu la kwanza ni ㄹ juu ya ㅡ, vokali tusiyokuwa nayo, itamkwayo bila kuviringa midomo. Imewekwa kwa sababu Wakorea, waandikapo jina la kigeni, aghalabu huitenga w na konsonanti iliyoitangulia. La pili ni wa iliyofungwa na m chini yake. La tatu ni ga, na la nne ni sa. Kwa Kiswahili pia silabi ni nne, rwa-m-ga-sa, ila sisi tunaipa m silabi yake. Na ile ㄹ ya mwanzo? Ni herufi moja kwa r na l. Baina ya vokali hukaribia r yetu. Mwisho wa silabi hukaribia l. Aandikaye Rwamgasa na aandikaye Lwamgasa wangekutana hapo.

Lakini mwanafunzi asijidanganye. Wachimbaji wa Rwamgasa wanaijua zebaki, ambayo hukamata dhahabu, na mvuke wake humdhuru anayeichoma. Tuseme chombo kimeandikwa 독. Mwanafunzi wetu atasoma sawasawa: ㄷ ni d, ㅗ ni o, na ㄱ ikiwa mwisho ni k, dok. Amesoma bila kosa, wala hajaonywa, kwa maana neno hilo ni sumu. Vivyo hivyo Mkorea akisoma 수무 ataitamka sumu yetu vizuri, asishtuke. Herufi hujifunzwa kwa siku chache. Anayetaka zimlinde hana budi kujifunza na lugha yenyewe.