Nazi, Alizeti na Kazi ya Ini

Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga kwanza miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, ukamwaga mvua huko Kinole na Matombo, minazi ikastawi. Magharibi ya milima mvua ni haba. Kuelekea Kilosa na Gairo utakuta alizeti. Mazao ya pande zote mbili hukutana Morogoro mjini, katika Soko Kuu la Chifu Kingalu.

Kwenye chupa za mafuta ya mazao hayo huandikwa kwamba hayana lehemu. Ni kweli, ila hilo halimsaidii mnunuzi kuchagua, kwa sababu mafuta yote ya mimea karibu hayana lehemu kabisa. Lehemu nyingi ya mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa kiwanda chake kikuu. La kuuliza ni mafuta hayo yatalifanya nini ini.

Lehemu husafiri katika damu ikiwa imebebwa na chembe za mafuta na protini. Zile za aina ya LDL zikizidi, hupenya kuta za mishipa, na polepole mishipa huziba. Ini huzinasa kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake, ugunduzi uliowapa Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda kwenye baridi ya Mgeta, juu milimani, hupunguza vipokezi hivyo, na LDL hubaki ikizunguka. Mafuta ya alizeti, ambayo baridi hiyo haiyagandishi, huviongeza.

Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi yameshiba. Ya mawese ni karibu nusu. Ya alizeti ni kama asilimia 11 tu. Mwaka 2020 jarida la Circulation lilichapisha uchambuzi wa majaribio mengi: waliotumia mafuta ya nazi walikuwa na LDL ya juu kwa takriban miligramu 10 kwa desilita kuliko waliotumia mafuta kama ya alizeti. Nazi hupandisha pia HDL, chembe zinazorudisha lehemu kwenye ini, lakini kupanda huko pekee hakujathibitika kumkinga mtu na mshtuko wa moyo.

Mabaya kuliko yote ni mafuta ya maji yaliyogandishwa nusu kiwandani kwa haidrojeni: hupandisha LDL na kushusha HDL. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula.

Faida ya alizeti huja inapochukua nafasi ya mafuta yaliyoshiba. Ukiimimina juu ya tui zito, umeongeza unene tu. Kisamvu cha nazi kiendelee kuheshimiwa siku za wageni. Mboga ya kila siku iungwe kwa alizeti kidogo au karanga za kusaga. Na kwa kuwa LDL iliyozidi haiumi wala haichoshi, aliyevuka miaka 40 aende akapimwe damu hata akijiona mzima.