Nusu kwa Nusu na Wakili?

Mnamo mwaka wa 2021 shangazi yangu, ambaye huuza samaki ufuoni Dunga, aligongwa na matatu akavunjika mguu. Wakili mmoja, ambaye simtaji, alimwambia, "Mama, usilipe hata ndururu. Tukishinda tutagawana nusu kwa nusu." Shangazi alifurahi mno. Lakini fidia ilipotoka mwaka jana, fungu lake halikutosha hata kulipa deni la hospitali. Kuuliza hesabu, akajibiwa, "Si tulikubaliana?" Karatasi hakupewa.

Basi nikaazima Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kutoka kwa mwalimu wetu wa Historia. Kiingereza chake ni kigumu kama mfupa wa mbuta, ila nilijikaza.

Kumbe nchini Kenya wakili hajipangii bei ovyo! Jaji Mkuu, akipata mapendekezo ya Baraza la Chama cha Mawakili, hutoa amri ya ada. Katika marekebisho ya 2014, kwa mfano, shamba la shilingi milioni 3 likiuzwa, ada isipungue asilimia 2, yaani shilingi 60,000. Wakili akijitangaza kwamba hutoza chini ya kiwango, ana hatia. Hapo nilicheka. Sokoni Kibuye ukipunguza bei unapata wateja, huku unashtakiwa!

Kwenye kesi, wakili na mteja wanaweza kupatana bei yao, mradi iandikwe na mteja atie sahihi. Lakini kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba mapatano ya kulipwa endapo tu kesi imeshinda ni batili. Kwa hivyo ile nusu kwa nusu ya shangazi haikuwa na nguvu yoyote.

Kwingineko mambo ni tofauti. Marekani mapatano kama hayo ni kawaida kwa walioumia ajalini, na mara nyingi wakili huchukua thuluthi moja. Uingereza pia huruhusu, lakini tangu 2013 imeweka kikomo cha asilimia 25 ya fidia ya majeruhi. Mimi naona afadhali kikomo kama hicho kuliko marufuku yetu. Muuza samaki asiye na akiba atampata wapi wakili wa kulipwa kwanza?

Je, mteja afanye nini? Adai bili iliyoandikwa. Wakili hawezi kumshtaki mteja kwa ajili ya ada kabla ya mwezi mmoja kupita tangu ampe bili. Wasipoelewana, yeyote kati yao anaweza kuipeleka kortini, na hapa Kisumu tunayo Mahakama Kuu. Naibu wa msajili huipitia kipengele kwa kipengele, akikata kilichozidi. Iko pia Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu.

Barua ya kudai bili niliiandika mimi mwenyewe, shangazi akatia sahihi. Tuliipeleka Jumatatu kwa mkono, karani akagonga muhuri kwenye nakala yetu. Bado tunangoja jibu.